Dawa za ukoma zimeisha: nani aendelee kupima ganzi, na kwa kifaa gani?

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, shangazi yangu alimeza kidonge cha mwisho cha blista ya kumi na mbili, kila blista ikiwa pakiti ya dawa za ukoma za mwezi mmoja. Muuguzi akajaza kadi, akampa mkono, akamwambia, "Mama, umepona, nenda kalime. Huna haja ya kurudi." Kwa upande wa vijidudu alisema kweli tupu. Wiki tisa baadaye shangazi aliepua sufuria ya mtori bila kitambaa, akaitua mezani taratibu, akaendelea kutusimulia habari za msiba wa jirani. Aliyepiga ukunga ni mjukuu wake, alipoona kiganja cha bibi kinatoa malengelenge.

Tulipofika hospitali daktari alituuliza swali moja: ganzi hii ya kiganja ilianza lini? Tukatazamana. Kadi ilionyesha kwamba mguu wa kushoto ulikuwa na ganzi tangu siku ya kuanza dawa. Kuhusu mkono haikuwa na neno, na siku ya kumaliza dawa hakuna aliyempima. Inawezekana ganzi ilikuwa na wiki mbili, inawezekana ilikuwa na mwaka. Daktari akampa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa mishipa ya fahamu, kwa kutegemea kwamba ganzi bado ni changa. Kiganja kikarudi nusu.

Tangu hapo nimekuwa msindikizaji wake. Yeye anakaa Kibosho, juu ya Moshi mjini, mimi nafanya kazi Arusha, na kwa basi ni safari ya kilomita 80 hivi kabla hujaanza kupanda mlima. Si daktari mimi. Ila kwa miaka hii nimeona ganzi ikipimwa kwa njia nne tofauti, na wahudumu wenye subira wamenieleza kila njia inaona nini na haioni nini. Nawaandikia ndugu wengine wenye mgonjwa aliyeambiwa "umepona", wanaojiuliza wampeleke wapi, mara ngapi, na kama kuna haja ya kutafuta mashine.

Miezi sita

Dawa mseto za ukoma, yaani rifampisini, dapsoni na klofazimini, hutolewa bure: miezi 6 kwa mwenye vijidudu vichache, miezi 12 kwa mwenye vingi. Zinaua kijidudu, lakini mizoga yake hubaki mwilini kwa muda mrefu. Askari wa mwili wakizinduka kuishambulia, wanaishambulia mlemle ilimo, na mahali inapopenda kukaa ni ndani ya mishipa ya fahamu, hasa ile inayopita karibu na ngozi penye ubaridi. Mshipa unavimba. Kwenye kiwiko, ambako unapita katika upenyo mwembamba, uvimbe hauna pa kwenda, kwa hiyo mshipa unajibana wenyewe mpaka unakufa. Wahudumu huiita hali hii riaksheni, na inaweza kutokea kabla ya dawa, wakati wa dawa, au baada ya dawa kwisha.

Riaksheni nyingine zinajitangaza. Mabaka ya zamani huvimba na kupata moto, au vinakuja vinundu vyenye maumivu pamoja na homa, na hivi vya pili vinaweza kujirudia kwa miaka. Hizo hata jirani anaziona. Inayonitia hofu ni ile isiyo na kelele: neva, yaani mshipa wa fahamu, inapoteza kazi yake bila maumivu, bila uvimbe, bila homa. Shangazi hakulalamika hata siku moja kuhusu kile kiganja. Angelalamika nini, ilhali hasikii kitu?

Ganzi au udhaifu wenye umri wa chini ya miezi 6 una nafasi nzuri ya kurudi ukitibiwa kwa prednisoloni. Ukishavuka hapo, dawa hiyo haisaidii sana, na kazi inayobaki ni kulinda kiungo. Utafiti uliofuatilia wagonjwa nchini Ethiopia ulikuta kwamba neva zilizopata shambulio la karibuni zilipona kabisa kwa asilimia 88, lakini zile ambazo tatizo lake lilikuwa la muda mrefu au la kujirudiarudia zilipona kabisa kwa asilimia 51 tu.

Zamani kulikuwa na utaratibu wa kuwaita waliomaliza dawa mara moja kwa mwaka, kwa miaka 2 au 5 kutegemea aina ya ugonjwa. Lengo lilikuwa kukamata ukoma unaorudi. Ilipoonekana kwamba unarudi kwa wachache sana, utaratibu ukaachwa, na leo mtu akimaliza dawa jina lake linatoka kwenye hesabu ya wagonjwa. Mimi siulilii sana utaratibu ule. Mtu anayepimwa Januari na kupimwa tena Januari anaweza kupoteza mkono Machi na asigundulike mpaka muda wa kuuokoa umepita.

Ndiyo maana kila njia nitakayoitaja hapa naiuliza kwanza swali la ratiba: unaweza kuirudia mara ngapi ndani ya miezi 6? Ukali wa kifaa nauangalia baadaye.

Nyumbani: daftari, peni na mjukuu

Kila Jumapili baada ya ibada, dakika kumi. Mjukuu mwenye miaka kumi na minne ndiye mpimaji.

Anaanza na nguvu, kwa vitendo vitano ambavyo mtaalamu wa fisiotherapia, yaani mazoezi ya viungo, alitufundisha. Bibi anafumba macho taratibu kama anayelala, tunaangalia kama kope zinakutana. Anatanua kidole kidogo kwenda pembeni, mjukuu anakisukuma kwa kidole chake kukirudisha. Anaweka kiganja juu na kuinua dole gumba lielekee puani. Anakunja kifundo cha mkono kwenda juu. Mwisho anainua wayo huku kisigino kiko chini, au anatembea hatua chache kwa visigino. Kila kimoja kina neva yake: uso, kiwiko, kifundo cha mkono, mkono wa juu, goti kwa nje. Daftarini tunaandika herufi moja tu: N kwa nguvu, D kwa dhaifu, P kwa aliyepooza. Ngazi za 0 mpaka 5 za hospitali tumewaachia wenyewe.

Halafu ganzi. Hapa kuna kosa ambalo nimeliona likifanywa hata na watu wenye koti jeupe. Ukimgusa mzee wa Kiswahili na kumuuliza "Unasikia, mama?", atakujibu "Nasikia, mwanangu." Atakujibu hivyo hata ukigusa ukuta. Ni adabu, hataki kukuangusha. Kwa hiyo usiulize. Afumbe macho, umguse, kisha yeye mwenyewe aweke kidole pale ulipogusa. Asipogusa popote, ama akigusa mbali, hiyo ni alama. Na mara mojamoja kaa kimya bila kumgusa uone kama ataonyesha mahali. Shangazi alionyesha mara tatu, kisha akacheka mpaka kanga ikamdondoka.

Tunatumia peni ileile ya bluu, imehifadhiwa kwenye kopo la majani ya chai ili mtu asiondoke nayo. Ncha inagusa mpaka ngozi ibonyee kidogo tu, haichomi wala haiburutwi. Mkulima ana sugu nene nyayoni, na juu ya sugu hata mtu mzima wa afya hasikii vizuri, kwa hiyo tunapima pembeni ya sugu, mahali palepale palipochorwa kwenye mchoro wa wayo ulio mwanzoni mwa daftari.

Faida ya njia hii ni mara 26 ndani ya miezi sita, bila nauli. Hakuna hospitali itakayokupa hizo. Tena mpimaji ni mmoja, peni ni moja, mahali ni pamoja, kwa hiyo mabadiliko yanaonekana.

Ubaya wake? Nyumbani hakuna anayeweza kupapasa neva kwenye kiwiko na kusema hii imenenepa, na msijaribu kuibinyabinya, inauma vibaya. Nyumbani pia hamtajua kama kidole kimelegea kwa sababu ya neva au kwa sababu bibi alishinda akimenya ndizi. Halafu kuna uchovu: wiki ya saba kila mtu ana udhuru. Na kuna majirani. Shangazi kwa miezi alikataa kupimwa barazani kwa kuhofia maswali, tukahamia chumbani ambako mwanga ni hafifu. Nawaambia haya kwa sababu vijarida huandika "mgonjwa ajipime mwenyewe" kana kwamba mgonjwa anaishi peke yake kisiwani.

Zahanati: peni ileile, mkono mwingine

Peni ya muuguzi haina maajabu kuliko ya mjukuu. Kinachoongezeka zahanati ni vitu vitatu: mkono unaojua kupapasa neva, kadi ambayo daktari ataiamini, na njia ya rufaa. Ukiwa na barua ya zahanati au ya mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya, hospitali kubwa inakupokea kwa namna nyingine kabisa kuliko ukija na daftari la shule lililochorwa nyayo.

Tatizo la huku kwetu ni kwamba Kilimanjaro na Arusha si mikoa inayotajwa kwa wagonjwa wengi wa ukoma. Ni habari njema, lakini ina bei yake. Muuguzi anaweza kufanya kazi miaka mitano bila kumwona hata mmoja. Shangazi mwenyewe aliupatia ugonjwa Morogoro alikokuwa ameolewa. Muuguzi wa kwanza aliyempima hapa alimpima kwa kukumbuka daftari la chuoni, na alisema hivyo kwa unyoofu, jambo nililoliheshimu. Wa pili alikuwa fundi, akahamishwa baada ya miezi minne. Kwa hiyo ukichagua zahanati kama tegemeo kuu, chagua na mtu: muulize mratibu wa wilaya ni kituo kipi kina mhudumu aliyefundishwa kupima neva, hata kama si kile kilicho karibu na geti lako. Mratibu anapatikana kupitia ofisi ya mganga mkuu wa wilaya au jiji, na mara nyingi anafika vituoni kwa pikipiki siku maalumu.

Kwa ratiba, zahanati inawezekana mara moja kwa mwezi bila kumuua mtu kwa nauli. Sita ndani ya miezi sita. Inatosha.

Nyuzi za nailoni dhidi ya peni

Hizi nilizikuta hospitali. Ni vipande vya uzi wa nailoni vilivyopachikwa kwenye vishikio vya rangi, kila rangi unene wake. Unausimamisha uzi wima juu ya ngozi na kuusukuma mpaka ujikunje. Ujanja wote uko pale: uzi ukishajikunja, nguvu yake haiongezeki tena hata mpimaji awe na mkono mzito kama wa mchinjaji. Kabla ya nailoni, karne ya 19, von Frey wa Ujerumani alifanya jambo hilohilo kwa nywele za farasi.

Kwenye kiganja, mtu mwenye neva nzima anasikia uzi wa gramu 0.2. Kwenye wayo kipimo cha kawaida ni gramu 2. Wayo usiosikia uzi wa gramu 10 umepoteza ganda lake la ulinzi, utakanyaga msumari na kuendelea na safari.

Ukizilinganisha na peni, tofauti haiko kwenye usahihi tu. Peni, hata iwe kwenye mkono mwepesi, ni nzito kuliko uzi wa gramu 0.2. Maana yake kuna kipindi ambapo neva ya mkono imeanza kufifia, uzi mwembamba umeshaikamata, peni bado inasema kila kitu ni sawa. Nyuzi zinaona mapema zaidi, na zinatoa ngazi: leo bluu, mwezi ujao zambarau, mtu anaona ngazi inavyoshuka. Peni inajua "anasikia" na "hasikii" basi.

Lakini nyuzi zinachakaa. Zikipinda au zikilala vibaya kwenye droo, nguvu inabadilika na hakuna anayejua. Na hazipo kila mahali. Watu werevu wamenishauri niende kliniki ya kisukari, ambako mara nyingi kuna uzi wa gramu 10 kwa ajili ya kupima nyayo. Ushauri si mbaya, ila jueni mnachonunua: huo uzi mmoja unawaambia kama ulinzi wa wayo umeshakwisha. Ni kengele ya mwisho, haikamati mwanzo. Kwa mkono hausaidii chochote.

Nikilazimika kuchagua kati ya nyuzi mara mbili kwa mwaka na peni kila mwezi kwa mkono wa mtu mmoja, nachukua peni. Najua mtaalamu wetu wa fisiotherapia angenipinga kidogo hapa. Yeye anasema peni bila seti kamili ya nyuzi walau siku ya kwanza ni kama kuanza safari bila kujua kilomita za gari. Nakubaliana naye kwa siku ya kwanza, ninayoiita siku ya msingi: siku ya kumaliza dawa, tafuteni nyuzi kwa gharama yoyote ya nauli, mpimwe mikono, nyayo, nguvu na macho, na karatasi ile mpewe nakala. Hilo ndilo jambo moja ambalo ningelirudisha nyuma kama ningeweza. Baada ya hapo, peni.

Na msidanganyike kwamba mkipima nguvu mmeshapima kila kitu. Neva inayopita nyuma ya kifundo cha mguu kwa ndani ndiyo inayoupa wayo hisia, na hakuna kitendo rahisi cha nguvu kitakachowaonyesha kwamba imekufa. Ni katika zinazoumizwa zaidi na ukoma. Mguu unaotembea vizuri kabisa unaweza kuwa kipofu chini.

Mashine

Ndugu mwenye uwezo huuliza mashine mapema sana. Shemeji yangu aliuliza kabla hata hatujashuka kwenye gari.

Kuna kipimo cha umeme kinachopima kasi ya neva kupeleka habari, na kuna altrasaundi inayoonyesha kama neva imenenepa. Vyote vinaona mbali. Uchunguzi mkubwa uliofanywa India ulionyesha kwamba kipimo cha umeme, na kile cha kupima kama mtu anatambua joto, viliweza kugundua hitilafu hadi wiki 12 kabla ya nyuzi na kipimo cha nguvu. Wiki 12 ni nusu ya miezi yetu sita, si kitu kidogo.

Hata hivyo, kwa mtu wa Kibosho, au wa Ngaramtoni nje ya Arusha, mashine utaifikia mara ngapi? Ukiipata, mara moja, pengine mbili. Inahitaji mtaalamu wa kuisoma. Altrasaundi mnaziona kila mahali kwa sababu ya wajawazito, lakini kutazama neva kunahitaji kifaa chake cha kupapasia na jicho lililofundishwa. Mashine ni nzuri kwa swali maalumu: daktari anashuku kisukari kimeingilia, au prednisoloni imekwisha na haijulikani kama neva inaendelea kuungua chinichini. Kwa ulinzi wa kila mwezi, hapana. Pigeni simu muulize kama ipo na kama msomaji wake yupo wiki hiyo, kisha ndio mpande basi.

Moshi au Arusha?

Kwa hili Moshi inashinda, na nasema hivyo nikiwa mkazi wa Arusha. Pale KCMC, hospitali iliyofunguliwa 1971, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha ukanda huu tangu 1992, kinachofundisha wahudumu kutoka nchi kadhaa za Afrika. Ukoma ni sehemu ya kazi yao, si kumbukumbu ya chuoni. Katika eneo hilohilo kuna TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanza 1981. Mtu anayehitaji kifaa cha kuinua wayo unaoning'inia, au kiatu cha wayo usiosikia, ana mafundi karibu na daktari wake. Na kuna idara ya macho, kwa yule ambaye kope hazifungi.

Aliyeko Arusha mjini hana haja ya kukimbilia Moshi kwa kila kipimo. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru, ndiyo ngazi ya kuanzia akishatoka kituoni kwake, kama ilivyo Mawenzi kwa watu wa Moshi. Mpango ninaouona una akili kwa mtu wa Arusha ni huu: kila mwezi kwa mhudumu wa karibu, safari ya Moshi siku ya msingi, na safari nyingine daftari likibadilika. Gharama za kumwona bingwa na za vipimo ulizeni kabla. Dawa za ukoma ni bure, lakini si kila mlango wa hospitali uko hivyo.

Jambo la viatu nalitaja kwa haraka kwa kuwa watu wa Arusha wanapenda makatambuga. Tairi ni gumu na linadumu, ila misumari yake hupanda juu. Kwa wayo usiosikia misumari hiyo ni hatari. Mafundi wengi wa sokoni wakiombwa wanashona kwa gundi na uzi, na kuweka raba laini ndani.

Nani achague nini

Si kila aliyemaliza dawa anahitaji ukali uleule. Utafiti wa Bangladesh uliofuata watu kwa miaka 2 tangu kuandikishwa uliwagawa katika makundi matatu, na takwimu zake ndizo zilizotutuliza sisi na kututisha kwa zamu. Mwenye vijidudu vichache ambaye neva zake zilikuwa nzima siku ya kuandikishwa: uwezekano wa kupata madhara mapya ya neva ulikuwa asilimia 1.3. Mwenye vijidudu vichache aliyekuja tayari na neva iliyoathirika, au mwenye vijidudu vingi ambaye neva zilikuwa nzima: asilimia 16. Mwenye vijidudu vingi na neva iliyokwisha kuathirika: asilimia 65.

Wa kundi la kwanza afundishwe dalili, ajikague nyumbani anapokumbuka, aende zake kulima. Kumburuza kliniki kila mwezi ni kumwonea. Wa kundi la pili ningempa zahanati kila mwezi kwa nusu mwaka wa kwanza, kisha kila miezi mitatu mpaka miaka miwili iishe, na daftari la nyumbani kama kuna mtu wa kulishika. Shangazi alikuwa wa kundi la tatu tangu siku ya kwanza, blista kumi na mbili na mguu wenye ganzi, na ndiye aliyeambiwa asirudi. Huyu anahitaji vyote: nyumbani kila wiki, zahanati kila mwezi, na hospitali yenye nyuzi siku ya msingi na kila panapobadilika.

Kama mgonjwa anaishi peke yake, au haoni vizuri, nyumbani kunapungua thamani na zahanati inapanda. Kama kituo kiko mbali na njia inakatika wakati wa masika, ni kinyume chake. Wakati wa baridi ya Juni na Julai huku mlimani, wenye ganzi miguuni wakaguliwe kila jioni bila kujali ratiba nyingine, maana watu wanaota moto, na wayo usiosikia unaweza kuungua mtu akisinzia kwenye kigoda.

Mambo ambayo hayasubiri Jumapili: jicho jekundu au lisilofumba, maumivu ya ghafla kwenye kiwiko au nyuma ya goti kwa nje, baka lililovimba, vinundu na homa, kidole kinachobaki nyuma vingine vikinyooka, kandambili inayochomoka mguuni bila mtu kujua. Hayo ni ya leo au kesho. Na msinunue prednisoloni duka la dawa kwa kuwa mlipewa mwaka jana. Daktari huanza mara nyingi na miligramu 40 kwa siku na kuishusha polepole kwa wiki nyingi, baada ya kuangalia kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu, vidonda vya tumbo na minyoo. Kuianza kiholela kuna hatari yake, na kuikatisha ghafla kuna yake.

Mwezi wa kwanza mwaka jana, ukurasa wa Jumapili ya pili, mjukuu aliandika D kwenye kidole kidogo cha kulia. Wiki iliyotangulia kilikuwa N, na kabla ya hapo N thelathini mfululizo. Alinipigia simu: "Mjomba, kidole cha bibi kinasukumika." Shangazi akasikika nyuma akisema ni uchovu wa kuvuna kahawa, tusimsumbue. Jumatatu zahanati wakaona hivyohivyo, na muuguzi akapapasa kiwiko shangazi akaruka. Siku ya nane alikuwa Moshi mbele ya daktari, na safari hii lile swali la "ilianza lini" lilijibiwa kwa kumfungulia ukurasa. Kidole kilirudi kuwa N mwezi wa nne.

Kiganja cha kushoto bado kinahitaji kitambaa kwa sufuria, na mguu wa kushoto hautarudi, kwa hiyo tunaukagua. Jumapili iliyopita mjukuu alikuwa na mitihani shuleni, hakuja. Nilipima mimi, kwa peni ileile ya kwenye kopo. Kwenye unyayo wa kulia shangazi alikosa sehemu moja ambayo wiki iliyopita aliionyesha. Sijui kama ni neva au ni mkono wangu kuwa mwepesi kuliko wa mtoto. Nimeandika pembeni "mpimaji mwingine", na nimemwambia mjukuu arudie Jumatano jioni akitoka kwenye Hisabati.